Maswali ya Wasomaji: Kusomea Ubobezi wa Magonjwa ya Kuambukiza ya Watoto

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa madaktari walio kwenye mafunzo ya ubobezi huu, na wengine wanaofikiria kuyaanza. Dozi tulizotaja ni za watu wazoefu kuelewana. Kabla ya kumwandikia mtoto, hakiki uzito wake, figo zake na mwongozo wa hospitali yako.

Mimi ni daktari bingwa wa watoto. Nimonia, kuhara na malaria natibu kila siku. Nikirudi shule kwa ajili ya ubobezi huu, nitajifunza nini nisichokijua?

Utajifunza kumhudumia mtoto ambaye tiba ya kawaida imegonga mwamba: mwenye saratani aliyeishiwa chembe nyeupe na ana homa ya siku saba, njiti mwenye fangasi kwenye damu, aliyepandikizwa figo, mwenye kifua kikuu sugu, mchanga aliyeambukizwa virusi vya saitomegalo tumboni mwa mama. Pia utajifunza kulinda hospitali nzima, si mgonjwa mmoja.

Muda hutofautiana. Marekani ni miaka 3 ya ubobezi juu ya miaka 3 ya ubingwa wa watoto, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ya ubobezi huenda kwenye utafiti. Afrika Kusini ni miaka 2 baada ya ubingwa. Popote utakapokwenda, zungumza na waliomo sasa hivi kabla ya kujaza fomu, na uwaulize mambo matatu: wanaitwa kutoa ushauri kwa wagonjwa wapya wangapi kwa wiki, wanakaa maabara kwa muda gani hasa, na kama hospitali ina wodi ya saratani au ya upandikizaji. Hospitali ya watoto yenye jengo zuri lakini isiyokuruhusu kuingia maabara ya vimelea itakunyima nusu ya fani.

Nina miezi miwili kwenye mafunzo. Nikiitwa wodini kutoa ushauri nasoma faili saa nzima, naandika kurasa mbili, na wenzangu bado hawajui wafanye nini. Nifuate mpangilio gani?

Anza na simu. Muulize aliyekuita: "Unataka nikusaidie kuamua nini?" Kwenye karatasi ya maombi huenda ameandika "homa haishuki", lakini ukimsikiliza dakika mbili unagundua anachotaka kujua ni kama ampeleke mtoto kwa daktari wa upasuaji, au kama anaweza kumruhusu aende nyumbani. Jibu lako lote linatakiwa kumfikisha kwenye uamuzi huo.

Kisha nenda kwa mtoto. Kaa chini, msalimie mama au yeyote anayemlea, na uulize yale ambayo faili halina: nani nyumbani anakohoa, wanaishi na wanyama gani, maziwa yanachemshwa au la, wamesafiri wapi, mtoto alipewa dawa gani kabla ya kufika hospitali. Kadi ya chanjo itazame kwa macho yako, usiridhike na neno "amekamilisha". Halafu mvue nguo zote, na nepi, na ufungue bandeji pale inaporuhusiwa. Jipu kando ya njia ya haja kubwa, kidonda cha kupe chini ya nywele, mshipa uliovimba mahali palipokuwa na kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani) wiki iliyopita: vitu hivi havionekani kwa sababu hakuna aliyefunua.

Sasa ndiyo ufungue faili, na usilisome kama hadithi. Chora mstari wa siku kwenye karatasi. Juu yake weka joto la juu la kila siku, chini yake dawa na siku zilipoanza na kukoma, kisha sampuli zilizochukuliwa na saa zake, upasuaji, mipira iliyoingizwa na iliyotolewa. Dawa zihakiki kwenye chati ya wauguzi, maana iliyoagizwa na iliyoingia mshipani ni vitu viwili. Dozi tatu zilizorukwa kwa sababu kanula ilitoka zinaweza kufafanua homa yote.

Homa inapoendelea juu ya antibiotiki inayoonekana sahihi, kabla ya kubadilisha dawa jiulize kwanza kuhusu usaha. Nyonga, pleura (utando unaozunguka mapafu), figo, ubongo: usaha usiotolewa hautibiki kwa dripu, kwa kuwa dawa haipenyi vizuri na bakteria walio ndani yake hawagawanyiki kwa kasi. Hapo piga picha, mwite daktari wa upasuaji. Pili tazama dozi kwa kilo. Mtoto mkubwa hupewa kidogo mno kwa sababu ya hofu, na mwenye chembe nyeupe chache au mgonjwa mahututi husafisha dawa haraka kuliko ulivyotegemea. Tatu, huenda bakteria si yule mliyemdhania. Nne, huenda kuna ambukizo jipya, hasa kwenye mpira wa mshipa mkuu (katheta). Na mwisho, huenda si bakteria kabisa. Mtoto mwenye homa ya siku 5, macho mekundu yasiyo na tongo, midomo iliyopasuka, upele na viganja vilivyovimba, mfikirie ugonjwa wa Kawasaki siku hiyohiyo. Immunoglobulini (kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji) ya mshipani, gramu 2 kwa kilo, ikitolewa kabla ya siku ya 10 ya homa hupunguza sana hatari ya mishipa ya moyo kutanuka. Mtoto huyu akizungushwa kutoka antibiotiki moja hadi nyingine, siku hizo zinaisha.

Kuhusu kuandika, weka ushauri juu kabisa, maelezo chini. Mfano, kwa mtoto wa kilo 12 mwenye bakteria *Staphylococcus aureus* "anayesikia" dawa, yaani ambaye dawa bado inamweza: "Acheni vankomaisini. Anzeni kloksasilini mg 50 kwa kilo, yaani mg 600, mshipani kila saa 6. Otesheni damu tena kesho asubuhi. Piga picha ya nyonga ya kulia leo. Nitarudi kesho saa 3." Mtu wa zamu ya usiku anaielewa hata akiwa amechoka. Na jambo lolote linalobadilisha dawa lisiachwe kwenye faili peke yake. Lisemwe kwa mdomo pia.

Damu ya mtoto ikioteshwa (ikiwekwa kwenye chupa ya maabara ili bakteria waliomo wakue) na kutoa stafilokoki isiyo *aureus*, nitajuaje kama ni ugonjwa au ni uchafu wa ngozi? Na kwa nini majibu mengi ya wodi yetu hayaoteshi chochote?

Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, ambao ni namna damu ilivyovutwa.

Tuanze na la pili. Watoto wengi wenye bakteria kwenye damu huwa nao wachache. Kama kila mililita 2 zina bakteria mmoja, ukivuta nusu mililita utaambulia patupu mara nyingi kuliko kupata. Kwa mchanga usishuke chini ya mililita 1. Kwa mtoto wa kilo 10 lenga mililita 4 hadi 6. Kinachowazuia watu ni huruma: "mtoto ana damu kidogo". Lakini mtoto wa kilo 10 ana damu ya karibu mililita 750 hadi 800, na sampuli isiyotosha itarudiwa kesho, kwa sindano nyingine na siku moja zaidi ya antibiotiki ya kubahatisha. Ivute kabla ya dozi ya kwanza. Kama mtoto yuko kwenye mshtuko na mshipa umegoma, dawa isicheleweshwe, itangulie.

Uchafu huingia katika hatua tatu. Ngozi haikuachwa ikauke: klorheksidini isuguliwe sekunde 30, kisha isubiriwe mpaka ikauke yenyewe, bila kupulizwa wala kufutwa. Mvutaji aligusa tena mshipa kwa kidole baada ya kusafisha. Kizibo cha chupa hakikupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70, kwa sababu watu hudhani kifuniko cha plastiki kinakifanya kiwe safi. Hospitali inayofuatilia kazi yake huweka lengo la chupa chafu zisizozidi 3 kwa kila 100, na nyingi sasa hulenga 1.

Kutofautisha: mashine inayolea chupa za damu iliashiria kuna bakteria baada ya saa ngapi? Bakteria wa kweli kwa watoto huonekana ndani ya saa 24 mara nyingi, na karibu wote ndani ya saa 36. Aliyejitokeza siku ya tatu kwenye chupa moja kati ya mbili, kwa mtoto asiye na mpira wa mshipa mkuu na ambaye sasa anacheza kitandani, karibu hakika ametoka kwenye ngozi. Ila kwa njiti mwenye katheta, chupa mbili zilizovutwa sehemu tofauti zikitoa bakteria yuleyule, mtibu. Ndiyo maana tunasisitiza chupa mbili. Ukiwa na moja umejinyima kipimo cha kulinganisha.

Wapo wawili ambao usiwaite uchafu kamwe. *Staphylococcus aureus* akiota mara moja, tafuta alikojificha (mfupa, kiungo, moyo, katheta) na uoteshe damu tena kila siku moja au mbili mpaka isafike. Kandida, ambaye ni fangasi, akiota, toa mpira wa mshipa mkuu, omba macho yachunguzwe, na siku 14 za dawa zihesabiwe kuanzia damu ya kwanza iliyokuwa safi, kama hakuna kiungo kingine kilichoguswa. Wengi huhesabu kuanzia siku dawa ilipoanza, na mtoto hurudi akiwa na fangasi uleule.

Mwezi ujao nakwenda maabara ya vimelea kwa wiki nne. Nisome nini huko?

Kaa kwenye benchi, si ofisini. Kila asubuhi soma slaidi za rangi ya Gram (inayogawa bakteria kuwa wa zambarau na wa waridi) kabla fundi hajakuambia jibu, uandike ulichodhani, halafu mlinganishe. Vishada vya zambarau na minyororo ya zambarau utavizoea siku ya tatu. Kinachochukua muda ni kutambua slaidi iliyopoteza rangi kupita kiasi, ambayo humfanya mgonjwa wa pneumokoki, bakteria wa zambarau, aonekane ana bakteria wa rangi ya waridi.

Kisha jifunze kusoma jedwali la usikivu wa dawa, maana hapo ndipo madaktari wazuri hujikwaa. Namba unayoiona ni kiwango cha chini cha dawa kinachomzuia bakteria kukua, na kila dawa ina mpaka wake. Kwa mipaka ya CLSI (taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara) ya *E. coli*, meropenemu ikiwa na 1 bado inafanya kazi. Siprofloksasini ikiwa na 0.5 imeshatoka kwenye kundi la kusikia. Anayechagua dawa kwa sababu namba yake ni ndogo kuliko jirani yake amechagua vibaya.

Yapo mambo ambayo jedwali halikuambii. *Enterobacter cloacae* anaweza kuandikwa kuwa anasikia seftriaksoni leo, na baada ya siku chache za tiba akaibuka sugu, kwa kuwa ana kimeng'enya ambacho huzidishwa mbele ya dawa hiyo. Stafilokoki anayesikia klindamaisini lakini hasikii erithromaisini afanyiwe kipimo cha visahani viwili vyenye dawa hizo, vilivyotenganishwa milimita 15 hadi 26. Duara lisilo na bakteria kuzunguka klindamaisini likibonyea upande mmoja kama herufi D, usiitumie. Daptomaisini haitibu nimonia hata jedwali likisema bakteria anaisikia, kwa sababu utelezi wa ndani ya mapafu huifunga. Sefazolini haifiki vya kutosha kwenye maji ya uti wa mgongo.

Ukiondoka, ondoka ukiwajua mafundi kwa majina. Siku mtoto mahututi atakapokuwa na chupa iliyoashiria saa 8 usiku, utapiga simu kwa mtu unayemfahamu.

Kazi yangu sasa ni kupitia antibiotiki za wagonjwa mahututi. Nikishauri meropenemu isimamishwe, madaktari wa pale wananiona nahatarisha watoto wao. Nifanye nini?

Kwanza ielewe hofu yao. Mtoto akizidiwa usiku, wao ndio watakaokuwa kitandani. Usiandike "simamisha" ukaondoka. Nenda kwenye raundi yao, uliza ni nini hasa kinachowatia wasiwasi, na ushauri wako uwe na mlango wa kurudi: "Damu imekaa saa 48 bila kuota, presha imetulia bila dawa. Tuisimamishe leo. Joto likipita 38.5 au presha ikishuka, otesheni damu na mrudishe dozi ya kwanza bila kunisubiri." Watu hukubali kuacha kitu wanachojua watarudishiwa.

Anza na mambo yasiyo na ubishi. Mtoto mwenye dawa mbili zinazofanya kazi ileile. Dawa ya kukinga maambukizi baada ya upasuaji iliyoingia siku ya tano. Bakteria aliyekwisha kutambuliwa na anayesikia dawa nyepesi. Mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017, wenye makundi matatu (za kawaida, za kuangaliwa na za akiba), unakusaidia kuonyesha hospitali yako imeegemea wapi.

Siku za tiba zikariri, kwa sababu "tuongeze kidogo" ndilo shimo kubwa. Kwa homa ya uti wa mgongo isiyo na matata: meningokoki siku 5 hadi 7, *Haemophilus influenzae* aina b siku 7 hadi 10, pneumokoki siku 10 hadi 14, streptokoki kundi B wa mchanga siku 14, bakteria wa kundi la *E. coli* kwa mchanga siku 21 au zaidi. Maambukizi ya mfupa yasiyo na matata ni jumla ya wiki 3 hadi 4, na mtoto anayetembea tena na ambaye CRP yake (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) imeshuka anaweza kuhamia kwenye dawa ya kunywa baada ya siku chache. Kumwacha na mpira wa mshipa mkuu wiki nne ni kumfungulia mlango wa ambukizo jingine.

Jambo moja la kulitetea kwa nguvu zote ni usalama wa wachanga. Seftriaksoni isitolewe kwa mchanga anayepata kalsiamu mshipani, kwani huganda pamoja. Na anayeumwa manjano apewe sefotaksimu badala yake. Gentamaisini kwa njiti hukaa muda mrefu mwilini, hivyo mpishano wa saa 36 hadi 48 ni wa kawaida, na kiwango chake kwenye damu kabla ya dozi inayofuata kiwe chini ya mg 1 kwa lita.

Mtoto mwenye surua amekaa saa nzima kwenye ukumbi wa kusubiria. Nikipigiwa simu usiku, nianzie wapi?

Anzia kwenye saa. Andika alipoingia na alipotoka, kisha ongeza saa 2, kwa kuwa virusi hubaki hewani muda huo. Kila aliyepita ukumbini humo katika kipindi hicho ameguswa, hata kama hakumkaribia. Mgonjwa mwenyewe huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake. Ahamishiwe chumba chenye mgandamizo hasi wa hewa (hewa yake haitoki kuelekea wodini), au, kama hakipo, chumba cha peke yake chenye mlango uliofungwa na madirisha ya nje wazi.

Waliokuwepo wagawe mafungu. Mwenye miezi 6 au zaidi, hana kinga na hana upungufu wa kinga mwilini, apewe chanjo ndani ya saa 72. Dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, atachanjwa tena kwa ratiba. Wachanga wa chini ya miezi 6 wapewe immunoglobulini ya msuli, mililita 0.5 kwa kilo isiyozidi mililita 15, ndani ya siku 6. Vivyo hivyo wa miezi 6 hadi 11 waliopitwa na saa 72. Walioshuka sana kinga, kama watoto wa saratani, na wajawazito wasio na kinga wapewe ya mshipani, mg 400 kwa kilo. Hawa chanjo ya surua hawapewi.

Waliolazwa na hawana kinga watengwe kuanzia siku ya 5 baada ya kukutana naye mara ya kwanza hadi siku ya 21 baada ya mara ya mwisho. Aliyepata immunoglobulini atengwe hadi siku ya 28, kwa kuwa hurefusha muda wa ugonjwa kujitokeza. Hapa ndipo wengi hukosea: humwachia siku ya 21, na wiki inayofuata wodi ina mgonjwa mpya. Mgonjwa wa kwanza naye asisahaulike: vitamini A siku mbili mfululizo, uniti 200,000 kwa mwenye mwaka na zaidi, 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, 50,000 kwa chini ya hapo.

Natakiwa kufanya utafiti ndani ya muda wa mafunzo. Mada yangu ni "usugu wa dawa kwa watoto". Msimamizi amesema ni pana mno.

Amesema kweli. Ipunguze mpaka ijibu swali moja kwa data ambazo tayari zipo hospitalini. Jedwali la usikivu wa bakteria wa wodi ya wachanga ni mwanzo mzuri: hesabu sampuli ya kwanza tu ya kila mtoto kwa mwaka, na usitoe asilimia kwa bakteria mwenye sampuli chini ya 30. Ukijumlisha sampuli zote za mtoto mmoja aliyelazwa miezi mitatu, usugu wa hospitali nzima utakuwa ni wa mtoto huyo. Peleka andiko kwenye kamati ya maadili miezi ya mwanzo. Kusubiri kibali ndiko kunakomaliza muda wa wengi.

Nina mtoto mchanga nyumbani. Je, kazi hii itamhatarisha?

Hatari ipo, lakini inapunguzika. Pima kinga yako ya surua na tetekuwanga kabla ya kuanza. Maliza dozi 3 za homa ya ini B, kisha upime mwezi mmoja hadi miwili baada ya ya mwisho. Kiwango cha kingamwili cha mIU 10 kwa mililita au zaidi kinatosha. Barakoa ya N95 ipimwe usoni pako, maana iliyomkaa mwenzako vizuri inaweza kukuvujia wewe. Spiriti ya mikono haiui mbegu za *Clostridioides difficile*, hivyo ukitoka kwa mtoto huyo nawa kwa sabuni na maji.

Ukichomwa na sindano, osha kwa sabuni na maji bila kukamua, toa taarifa saa hiyohiyo, na kama dawa za kukinga VVU zinahitajika zianze mara moja. Baada ya saa 72 hazianzishwi tena, na dozi ni siku 28. Jua leo kabati la dawa hizo liko wapi na funguo inashikwa na nani usiku.